Naomba ushauri: kupokea waajiriwa wapya kwa mfumo badala ya makaratasi

NyotaYaZiwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Niko HR kwenye kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya elfu moja, makao makuu Dar, matawi Arusha, Mwanza, Mbeya na Dodoma. Kila tunapoingiza kundi jipya shida ni ile ile. Mtu anaripoti Jumatatu asubuhi, anakalishwa mapokezi kwa sababu ICT hawakuambiwa kwamba anakuja. Laptopu anaipata wiki inayofuata, imeili baada ya hapo. Fomu ya NSSF, ya bima ya afya, ya benki, ya ndugu wa karibu, zote zinamuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). HR tunachapa kwenye Excel, watu wa mishahara wanachapa upya kwenye mfumo wao, ICT nao wana orodha yao. Mwezi uliopita kuna waliokosa mshahara wa kwanza kwa kuwa namba za akaunti ziliharibika njiani. Mmoja wao ana mtoto mchanga na ndiyo kwanza amehamia mjini. Imeniuma sana.

Menejimenti imekubali kutoa bajeti. Microsoft 365 tunayo tayari. Je, tununue mfumo mpya wa HR au tujenge juu ya tulichonacho? Tuanzie wapi, na kisheria kipi kisiachwe?

Fundi wa Mifumo

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Kaeni meza moja: HR, mishahara, ICT, ugavi na meneja mmoja wa tawi. Mfuatilieni mwajiriwa mmoja tangu anapokubali ofa hadi mshahara unapoingia. Mtaona karatasi inalala mezani kwa nani. Kama hamjaamua nani ana jukumu lipi, mfumo mpya utazituma kwa kasi zaidi fomu zile zile zinazouliza kitu kimoja.

Kisha chagueni tukio moja la kuwasha kila kitu. Mimi ningechukua kusainiwa kwa mkataba. Ukisainiwa, rekodi moja inafunguka HR, na wengine wote wanasoma hapo, mpaka mlinzi wa getini. Jina halichapwi tena. Kwa mlichonacho, Power Automate, ile programu ya Microsoft ya kuendesha kazi zenyewe, inatosha kwa sehemu kubwa: kuwaarifu ICT mapema, kuandaa maombi ya akaunti, kumkumbusha meneja. Angalieni pia kama leseni yenu ina Intune, huduma ya kusimamia vifaa kwa mbali. Laptopu iliyosajiliwa kwenye Autopilot, huduma ya Microsoft ya kuandaa kompyuta mpya, inajipanga yenyewe mfanyakazi anapoingia kwa imeili ya kazi, hata akiwa Mbeya, mradi kuna intaneti. Fundi hasafiri.

Jambo moja mlikatae: ombi la "mpe ruhusa kama za fulani". Fulani ana miaka kazini, amehama idara mara kadhaa, na ruhusa za kote bado anazo. Andikeni ruhusa za kila cheo, mfumo utoe kwa cheo.

Bi Mishahara

Naongezea upande wa taarifa, maana ndiko mnakoumia. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri kimya kimya. Kama safu haikuwekwa kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa, umeshapoteza, na kuibadilisha baadaye hakurudishi kitu. Akaunti za benki zinazoanza na sifuri nazo zinapoteza sifuri ya mwanzo. Hao waliokosa mshahara, anzeni kwa kuangalia hapo.

Tena tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fomu ilinganishe yenyewe na tarehe aliyojaza, zikitofautiana isipokee.

Kubwa kuliko yote ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina jina moja, NIDA lingine, benki majina mawili, TIN (namba ya mlipa kodi) matatu. Aliyebadili jina baada ya kuolewa ndiyo kabisa. Amueni kwamba jina la NIDA ndilo la mfumo, na tofauti yoyote ishughulikiwe na mtu wa HR kabla ya siku ya kuripoti, ili kama panahitajika hati ya kiapo apate muda wa kuitafuta. Kazi ya mashine hapa ni kuona tofauti na kumwita mtu. Isiruhusiwe kuchagua jina.

Na msisahau HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mkiajiri mhitimu mna siku 28 za kuitaarifu Bodi, na mnufaika wa mkopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Swali hilo liwe kwenye fomu ya kwanza.

Kijana_Moro

Nafuatilia kwa karibu. Ofisini kwetu ni hivyo hivyo.

SheriaKazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza: kazi, mahali, saa, mshahara, aina ya mkataba. Yanatunzwa miaka 5 baada ya ajira kwisha. Mfumo umpe nakala yake hapo hapo. Saini ya kielektroniki inatambuliwa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, hivyo wa Mwanza hana haja ya kusubiri mkataba uje kwa basi.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kusanyeni kinachohitajika tu, na hakikisheni kampuni imesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majibu ya vipimo vya afya yasimfikie meneja. Yeye anahitaji kujua kama mtu anafaa kwa kazi hiyo, basi. Na kama vyeti vya watu vinapita kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, acheni leo.

Mgeni_Mbeya

Mimi nasema kama niliyepokelewa na mfumo wa aina hiyo mwaka jana. Imeili ilikuwa tayari, laptopu tayari, mafunzo ya video tayari. Ila tawini hakuna aliyejua naanza siku hiyo, na wiki nzima sikujua nimuulize nani nikikwama. Tafadhalini mpangieni kila mgeni mwenyeji kwa jina, ampigie simu kabla hajaripoti. Halafu fomu zifunguke kwenye simu ndogo bila kula bando, maana kabla ya kuanza kazi hatuna laptopu ya ofisi.

NyotaYaZiwa

Nawashukuru sana, wakuu. Bi Mishahara, nimefungua faili letu sasa hivi: NIDA nyingi zinaishia na sifuri tano. Mwenye namba ya NIDA ambaye bado hana kadi, mfumo umpokee?

Bi Mishahara

Mpokeeni, dada, kinachotakiwa ni namba. Na hizo zilizoharibika ombeni upya kwa wenyewe, msizibahatishe.

Fundi wa Mifumo

Anzeni na tawi moja, kundi moja. Na kwenye rekodi hiyo hiyo wekeni tangu sasa sehemu ya tarehe ya kuondoka, ikifika akaunti zifungwe siku hiyo hiyo. Mnaanza tawi gani?

NyotaYaZiwa

Mwanza. Wana kundi dogo linaloingia mwezi ujao, na meneja wa pale ameshakubali kuwapangia wenyeji.