Mtoto mwenye ulemavu akifika 18 anaenda wapi?

mama_wa_tororo:
Habari zenu wote. Kijana wangu ana mtindio wa ubongo, ametimiza 18 mwezi jana. Tangu akiwa mdogo kulikuwa na mradi huku kwetu Tororo, Uganda, wanakuja nyumbani wanamnyoosha viungo, wakanifundisha jinsi ya kumlisha asipaliwe, wakampa na wilicheya. Sasa wameniambia ametoka kwenye listi kwa sababu mradi ni wa watoto. Eti mtoto! Ulemavu haukujua kuwa ametimiza 18. Zamani nilimbeba mgongoni na leso nikaenda naye soko, leo ni mzito kunishinda na ile wilicheya imekuwa ndogo, magoti yanamkaa kifuani. Nikienda kuuza nyanya namwacha na jirani ambaye pia amechoka. Kuna programu yoyote ya watu wazima?

fundi_cherehani:
Pole sana dada. Mimi polio ilinipata utotoni, miaka ya 90 nikasomea ushonaji kwenye kituo cha Mpumudde pale Jinja na mpaka leo nakula kwa cherehani. Mpeleke ajifunze kazi, asikae tu nyumbani.

mama_wa_tororo:
Asante kaka, lakini wangu mikono haishiki hata kikombe na maneno yake naelewa mimi na dada yake tu. Kazi gani hiyo?

fundi_cherehani:
Aah samahani, nilijibu haraka. Hivi ndivyo wanavyotufanyia, wakisema mlemavu wanafikiria sisi wenye miguu mibovu peke yake.

mkazi_wa_mbale:
Tuanze na wilicheya maana hiyo haingoji, akikaa vibaya mgongo unapinda na vidonda vinaanza. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina karakana ya vifaa vya walemavu, nenda naye mwenyewe wampime, usikubali mtu akuletee ya msaada ambayo haijapimwa. Na mazoezi usiache kwa sababu mradi umeondoka, yale waliyokufundisha bado ni yale yale.

Pesa sasa. Kuna Special Grant ya serikali kwa walemavu, inapita kwa afisa wa maendeleo ya jamii sabkaunti, haipewi mtu mmoja, inapewa kikundi, mpaka milioni 5. Kama mtu mwenyewe hawezi kufanya kazi, mzazi anayemlea anaingia kwa niaba yake. Tafuta wazazi wenzako mliokuwa mnakutana kwenye ule mradi, mko tayari mnajuana, andikisheni kikundi. Halafu kuna PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi (eneo dogo chini ya sabkaunti), asilimia 10 imetengwa ya walemavu, ila ile milioni moja anayopewa mtu ni mkopo, usije ukashangaa wakija kuidai.

boda_msomi:
Mkazi unaongea kama kwenye redio. Huku kwetu ukiuliza hiyo asilimia 10 parishi chifu anakuangalia kama umemtukana mama yake, na kikundi cha walemavu nilichokiona mimi kilikuwa na chemani ana miguu miwili mizima na mbio anakimbia.

mkazi_wa_mbale:
Sikatai, yapo hayo. Ndiyo maana asiende peke yake. Kila sabkaunti ina madiwani wawili wa walemavu, mwanamume na mwanamke, wako kwa sheria na tuliwachagua, basi wafanye kazi. Dada mtafute yule mwanamke, mwambie aende na wewe kwa afisa.

bibi_harusi82:
Mimi naongeza moja, kitambulisho cha taifa! Ametimiza 18, kama bado hana mwandikishe apate NIN yake, ile namba ya kitambulisho, bila hiyo kila mlango unafungwa. Mama mkwe wangu alipofika 80 alikaa karibu mwaka mzima bila kupata ile shilingi 25,000 ya serikali ya wazee kwa mwezi kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa kwenye kadi, na ni mtu haoni, tunampandisha boda kila safari kwenda kurekebisha. Hakikisha tarehe yake ni sahihi kabla hujaondoka pale dirishani.

mama_wa_tororo:
Mmenisaidia jamani. NIN sikuwa nimefikiria kabisa. Wazazi nawajua sita, mmoja mtoto wake ana 23 na anamfungia ndani akienda shamba, nitaanza na huyo. Boda_msomi, wewe si uko huku Tororo? Safari ya Mbale na kijana mpaka stendi ya taksi utanichaji ngapi?

boda_msomi:
Mpaka stendi bure mama. Ila aje na mtu wa kumshika nyuma.