Mrejesho: Pointi za kadi ya mkopo na tiketi ya daraja la biashara

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama nitumie pointi za kadi ya mkopo palepale kwenye tovuti ya benki, au nizihamishie kwanza kwenye programu ya pointi ya shirika la ndege, ili nipate daraja la biashara. Wengi mlisema hamisha. Nimehamisha, na tiketi ninayo.

Kwa benki, idadi ya pointi ilifuata bei ya tiketi, na bei za daraja hilo mnazijua. Kwa maili (yaani pointi za shirika la ndege), kiti kilekile kilitaka pointi chache mno. Ila ushauri ulionifaa kuliko wote ni wa kutafuta kiti kwanza, maana pointi zikishahamishwa hazirudi benki. Nilikiona kiti, nikapiga simu kuhakikisha kipo kweli, ndipo nikahamisha.

Aliyenielekeza kwenye miungano ya mashirika, ubarikiwe. Nimetumia maili za Aeroplan, programu ya pointi ya Air Canada, kukata tiketi ya Lufthansa, kwa kuwa mashirika yote mawili yamo kwenye muungano wa Star Alliance. Aeroplan iliacha kutoza ada ya mafuta mwaka 2020, hivyo nimelipa kodi za viwanja vya ndege pamoja na dola 39 za Kanada za kukata tiketi ya shirika jingine. Programu nyingine ilinionyesha safari hiyohiyo kwa ada ya kumtoa mtu jasho!

Kiti cha kurudi bado. Nasubiri vile vinavyoachiwa dakika za mwisho. Wazoefu, huwa mnaanza kuvichungulia lini?