Moo yao usoni: ngozi yenye mafuta itaiweza?

BintiKagera
Habari za jioni wadau. Kwetu ni Bukoba, niko Kampala kikazi. Ikifika saa sita mchana paji la uso na pua vinang'aa mafuta, ila mashavu yanapauka kama sijapaka kitu. Halafu paji limejaa vipele vidogo vidogo, vyote saizi moja, na nikitoka jasho vinawasha balaa. Jirani yangu wa Lira, kaskazini mwa Uganda, kanipa kopo la moo yao (mafuta ya shea) nipake asubuhi na jioni, anasema kwao hata watoto wachanga wanapakwa. Kazini wengine wananiambia nazi, wengine nyonyo. Krimu za kujichubua sitaki hata kuzisikia. Nishike lipi?

MamaShamim
Nazi mpenzi. Mimi na wanangu ni hiyo hiyo tu na ngozi zetu hazina tatizo.

LaberWaKitgum
Mama Shamim, nazi wengi wa ngozi ya mafuta inawazibia vinyweleo, tusimdanganye dada wa watu.

Moo yao naijua, nimekulia humo. Ile ya kwetu kaskazini si sawa na ya Ghana au Burkina Faso. Mti ni jamii moja, lakini wetu ni aina ya nilotica, na mafuta yake yana asidi ya oleiki nyingi (aina ya mafuta yasiyoganda haraka), ndiyo maana ni laini. Ukichota kwa kidole yanayeyuka kabla hujafika shavuni, na mchana wa joto kopo zima linakuwa majimaji. Hayajaharibika, ndivyo yalivyo. Kina mama wanaokota kokwa zilizodondoka, wanakausha, wanakaanga, wanatwanga na kusaga, halafu wanachemsha na maji mpaka mafuta yaelee, wanaengua. Ile harufu ya moshi inatokana na kukaanga. Lisilonuka kabisa huwa limesafishwa kiwandani, si baya, ila lenye harufu ya mafuta ya kupikia yaliyochacha rudisha kwa mwenyewe. Na mkipata nafasi wakemeeni wanaokata miti hiyo kuchoma mkaa, maana mmoja unakaa miaka kama 15 hadi 20 ndipo uanze kuzaa.

Kwa mashavu makavu ni dawa. Kwa paji lako sina uhakika.

MsusiWandegeya
Swali dogo dada: umesuka? Na kichwani unapaka nini?

BintiKagera
Nimesuka rasta. Ngozi ya kichwa napaka grisi ya kopo, nyingi kidogo kwa sababu ya ukavu. Vipele vimeanzia kwenye mstari wa nywele, sasa vinashuka.

MsusiWandegeya
Basi tuanzie hapo. Wateja wa namna hiyo nawaona kila wiki. Grisi inayeyuka kwa jasho, inashuka usoni, usiku inahamia kwenye foronya na unailalia. Funga kitambaa safi cha kichwa, foronya ibadilishe, grisi weka kwenye mistari tu, tena kidogo.

DukaLaDawa_Mbale
Msusi kaona mbali. Naongeza la kwangu: vipele vya saizi moja, vinavyowasha, kwenye paji na mpakani mwa nywele, mara nyingi si chunusi za kawaida. Kuna fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu, na chakula chake ni mafuta. Ukimwongezea nazi, shea, alizeti, hata zeituni, ni kama kumwaga pumba kwenye banda la kuku. Ndiyo maana mtu anapaka "vitu vya asili" na hali inazidi. Kwa sasa paji lisiguswe na mafuta yoyote. Muulize mfamasia kuhusu shampuu ya ketokonazoli (dawa ya fangasi), au nenda kliniki ya ngozi hospitali ya Mulago wakuangalie, maana kwa picha au maandishi hakuna anayeweza kuapa. Na usikubali mtu akuuzie tyubu ya betamethasoni (krimu kali ya steroidi) "ya vipele". Vinapungua siku chache halafu vinarudi na ndugu zao.

Mashavu, sawa, moo yao. Nawa, usijifute mpaka ukauke, uso ukiwa bado na unyevu chukua kiasi cha punje ya mahindi, kwa mashavu yote mawili. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasipotee. Anza na nyuma ya sikio siku mbili tatu uone kama utawashwa. Asubuhi bado unahitaji krimu ya kuzuia jua, SPF 30 kwenda juu, kwa sababu mafuta haya hayazuii jua la kutosha, hata wauzaji waseme nini.

MamaShamim
Haya nimejifunza. Na limau juu ya mafuta kung'arisha uso?

DukaLaDawa_Mbale
Hapana mama! Limau au ndimu pamoja na jua zinaunguza, zinaacha mabaka meusi ya wiki nyingi.

BintiKagera
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Jumamosi nafumua hizi rasta. Jirani nimwambieje kuhusu kopo lake? Ataniuliza kila asubuhi tukikutana bombani.

LaberWaKitgum
Mwambie unalitumia, wala si uongo. Mashavu, visigino, viwiko, midomo. Na akikuuliza mbona paji halina, mpe namba ya Msusi.

MsusiWandegeya
😂 Rasta nzima na kufumua, bei maalumu kwa watu wa Lira.