Tumechoka na picha za kusaini makubaliano! Mashine za vyuo vikuu zinaozea stoo, sisi wa viwandani tunaagiza India na China

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu una povu, mwenye haraka apite tu. Wiki hii nimekutana tena na ile picha. Mnaijua: meza ndefu yenye kitambaa, maji ya chupa, Makamu Mkuu wa Chuo upande huu, mkurugenzi wa kampuni upande ule, wanakabidhiana mafaili huku macho yako kwa mpiga picha. Chini wameandika "kuimarisha ushirikiano kati ya vyuo vikuu na viwanda". Naomba mtu mmoja tu aliyewahi kushika faili lile anijibu: likishafungwa linapelekwa wapi? Jumatatu yake nani anapangiwa kazi, na kwa fungu lipi?

Mimi nakamua alizeti Singida. Kiwanda kidogo, mashine mbili za skrubu, vijana wachache, wateja wa madumu na chupa za lita tano. Sina digrii ya uhandisi, ila najua mafuta yangu yana shida gani. Mashine ikishakamua, tunaacha yatulie, tunapitisha kwenye vitambaa vya kuchujia, basi, yanaenda sokoni. Ndani yake bado kuna utomvu na nta inayotoka kwenye maganda. Singida huku jua linawaka, huoni kitu. Peleka Njombe au Arusha mwezi wa saba uone: yanafifia, yanakuwa kama yana ukungu, chini panajikusanya kitu cheupe. Mteja anapiga simu anasema umechanganya na mafuta ya mawese. Mzigo unarudi, nauli juu yako.

Dawa yake inajulikana, wala haihitaji profesa kutoka nje. Unapasha mafuta, unatia maji kidogo, unakoroga taratibu, utomvu unashuka unautoa. Halafu unayapoza polepole mpaka nta igande, unachuja. Viwanda vikubwa vinafanya hivyo kila siku. Kinachokosekana ni mtambo wa saizi yetu sisi wa chini, kwa sababu mitambo inayouzwa imepigiwa hesabu ya mwenye tani nyingi kwa siku na umeme usiokatika.

Sasa sikieni. Kwenye maonyesho nikauona mtambo huo. Mdogo, wa chuma kisichoshika kutu, una kikorogeo na kipimajoto, umetengenezwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu kimoja cha umma. Chuo sikitaji, na wala hakiko peke yake. Kijana kaueleza vizuri mpaka nikatamani kumwajiri palepale. Nikamuuliza: shilingi ngapi? Akacheka. Akaniambia mashine ni ya chuo, niongee na msimamizi wake. Msimamizi naye muungwana, akasema wazo ni lao wawili ila vifaa vilinunuliwa na fedha za mradi wa wafadhili, kwa hiyo waulizwe ofisi ya utafiti. Ofisi ya utafiti ikasema niandike barua kwa Makamu Mkuu wa Chuo, kupitia kwa mkuu wa ndaki, yaani kile kitengo kikubwa cha chuo wanachokiita college. Nikaandika. Barua ikaenda kwenye kamati. Kamati inakaa kwa ratiba yake. Na jibu lilipokuja, wakuu, lilikuwa hili: niandae andiko la mradi, nitafute ufadhili, nikishapata "tutashirikiana".

Mimi nina hela mkononi! Nataka kununua! Naambiwa nikatafute mfadhili!

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wenyewe. Mfumo huu unajua kumpokea mfadhili. Kuna fomu ya mfadhili, kuna akaunti ya mfadhili, kuna mhasibu wa mradi, kuna chai ya kikao. Mteja wa kawaida anayetaka kitu kwa bei hana dirisha. Hakuna mtu chuoni mwenye mamlaka ya kutaja bei.

Na usiniambie hatuna sera. Sera tunazo za kutosha kufungia karanga. Sera ya kwanza ya sayansi na teknolojia ni ya 1985. Ikaandikwa nyingine 1996, enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa ya tajiri. Ya utafiti na maendeleo ikaja 2010. Taasisi ndiyo usiseme: Baraza la utafiti wa kisayansi, UTAFITI, liliundwa 1968, likarithiwa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa sheria ya 1986. MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, upo tangu 1995. SIDO ya viwanda vidogo 1973, TIRDO ya utafiti wa viwanda 1979, TEMDO ya kubuni mitambo 1980, CAMARTEC ya zana za kilimo na teknolojia za vijijini 1981. Waliounda vyombo hivi walikuwa na akili, tena kuliko wengi wa leo, maana walijua kati ya maabara na kiwanda kuna karakana inayotakiwa kuwepo. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, nayo yapo tangu 2019, kila msimu vijana wanavalishwa medali. Nawapongeza. Lakini nani anawafuatilia wale washindi kuona kiwanda gani kinatumia walichobuni?

Kuhusu hela ndiyo tunachekesha kabisa. Viongozi wa Afrika walikubaliana Lagos 1980, wakarudia Khartoum 2006: asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Tangu 1980! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana wajukuu. Majirani zetu Kenya wao waliamua kutuzidi kwenye karatasi, sheria yao ya 2013 ikataja asilimia 2 kwenda mfuko wa utafiti. Utekelezaji wake wanaujua wenyewe.

Ila mimi leo sitaki kubishana juu ya asilimia. Hata wakileta hiyo moja kesho asubuhi, kwa mfumo huu itaishia kwenye makala na warsha. Tazama mhadhiri anapandishwa cheo kwa kitu gani: machapisho. Wizara ya Elimu nayo imeanza kuwapa tuzo za fedha taslimu wanaochapisha kwenye majarida makubwa duniani. Sina ugomvi na hilo, chuo kisichochapisha si chuo. Lakini jiweke kwenye viatu vya mhadhiri yule aliyesimamia mtambo wa mafuta. Akikaa na mimi miezi sita Singida tunarekebisha kikorogeo, anapaka oili mpaka kwenye kola, anarudi chuoni hana cha kuonyesha. Mwenzake aliyekaa ofisini akaandika makala mbili juu ya "changamoto za wakamuaji wadogo" amekuwa mhadhiri mwandamizi. Nani mjinga hapo?

Halafu kuna hii ya kodi, naomba wahasibu wa humu mnisaidie kama nimeisoma vibaya. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 15, inaruhusu gharama za utafiti na uendelezaji zitolewe kwenye mapato kabla ya kupiga hesabu ya kodi. Safi sana. Ila mfanyabiashara mdogo wa kodi ya makadirio, ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, anatozwa kwa mauzo, faida haiangaliwi. Gharama ya utafiti ataiandika wapi? Yaani motisha ya kufanya utafiti ipo kwa yule mkubwa mwenye mahesabu yaliyokaguliwa, ambaye teknolojia yake anainunua Ulaya ikiwa imekamilika na fundi juu. Sisi tunaohitaji chuo cha hapa nyumbani hatumo.

Kuna watu watasema Mswahili hawezi, teknolojia yetu haifiki popote. Uongo. Kikamulio cha mkono cha alizeti kilibuniwa hukohuko Arusha mwaka 1985, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg akifanya kazi na mradi wa kanisa la Kilutheri, kikavuka mipaka kwenda nchi nyingine za Afrika. Kwa nini? Kwa sababu kilichongwa ili fundi wa kawaida wa kuchomelea aweze kukitengeneza na kukiuza, na akijua faida yake iko wapi. Mtambo wa biogesi wa CAMARTEC wa miaka ya 1980, uliofanyiwa kazi na Wajerumani wa GTZ, shirika lao la misaada ya kiufundi, hadithi yake ni hiyohiyo. Mafundi walifundishwa kujenga, na mpango wa biogesi majumbani ulioanza 2009 ulitumia toleo lililoboreshwa la mtambo huohuo. Mnaona tofauti? Pale kulikuwa na mtu kati: fundi anayeuza. Leo tumemtoa fundi tukaweka hati ya makubaliano.

Nenda uone wenzetu. Wahindi, ambao mashine zao tunazipanga foleni kuagiza, wana taasisi ya teknolojia ya chakula pale Mysore, CFTRI, ipo tangu 1950. Wao wanaweka orodha ya teknolojia zao hadharani pamoja na ada ya leseni. Unachagua, unalipa, unapewa michoro na mafunzo. Duka! Uholanzi mwaka 2004 walianza kuwapa wenye viwanda vidogo vocha ya euro 7,500, aende nayo chuo au taasisi anayoitaka amweleze shida yake, wamfanyie kazi, chuo kikalipwe na serikali. Angalia walivyoigeuza: hela inapita kwa mwenye shida. Mtafiti akiwa mzembe, mteja anaipeleka vocha kwingine. Hapa kwetu hela inaanzia kwa mtafiti, na mwenye kiwanda anaitwa siku ya uzinduzi apige makofi.

Sasa kuna huu mradi mkubwa wa HEET, wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia tangu 2021, majengo yanapanda kila chuo. Humo ndani vyuo vinatakiwa kuwa na kamati za ushauri za viwanda, na wahadhiri waende viwandani kujifunza. Nzuri. Ila jamani, hizo kamati wanakaa akina nani? Benki, kampuni za simu, kampuni za bia? Au yupo hata mkamuaji mmoja, msaga mihogo mmoja, mtengeneza sabuni mmoja? Mkopo huu tutaulipa sisi sote, na mimi nimo.

Wanafunzi wa fildi nawapokea kila msimu. Vijana wazuri, wengine wakali kuliko nilivyotegemea. Msimamizi wao anakuja, anapiga picha mlangoni, anagonga muhuri kwenye kitabu cha kumbukumbu, anawahi basi. Hajawahi kuniuliza mashine yangu inasumbua nini. Angeuliza, angepata mada za tasnifu za miaka kumi: mashudu yanatoka bado na mafuta mengi, skrubu zinalika haraka kwa mchanga ulioko kwenye mbegu, maganda yanajaa uwanja hatujui tuyafanyie nini. Na mbegu zenyewe! Wakulima wengi huku bado wanapanda Record, mbegu ya tangu miaka ya 1950. Hilo lina uzi wake, pamoja na habari ya ushuru wa mafuta ya nje ulivyopunguzwa 2022 na bei ya alizeti ikaanguka shambani.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Kuna mkuu amesema sisi wenye viwanda vidogo ni wezi, tunapiga picha ubunifu wa vijana tunapeleka kwa fundi aigilizie. Ni kweli inatokea, sikatai. Lakini mtu akitaka kununua akakosa wa kumuuzia, unategemea afanye nini? Tena hataza, yaani haki ya mbunifu (patent), inasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, chuo kikisajili na kuweka bei, fundi huyohuyo anaweza kuwa wakala wao wa kutengeneza. Mhadhiri mmoja naye kaandika kwa hasira kwamba anafundisha darasa la mamia, karakana yao ina mashine za kukereza za enzi za Mwalimu, na mimi namtwisha mzigo usio wake. Mkuu, nimekuelewa na sikusemi wewe. Nawasema waliotunga mfumo ambao ukinisaidia mimi unapata hasara.

Na yule anayesema niende TEMDO au SIDO: nitakwenda, asante. Lakini mtambo niliouona uko stoo ya chuo, umefunikwa turubai, na kijana aliyeutengeneza nasikia anaendesha bodaboda Dodoma.

Kwa hiyo tangazo naliweka hapa. Natafuta mtambo wa kutoa utomvu na nta kwenye mafuta ya alizeti, lita 500 kwa mkupuo, ufanye kazi kwa kuni au pumba za maganda umeme ukikatika, sehemu zake zipatikane Singida au Dodoma. Chuo, taasisi, fundi wa mtaani, kijana mwenye mchoro, yeyote. Nalipa nusu mwanzoni, nusu ukishakamilisha majaribio kiwandani kwangu, kwa mkataba ulioandikwa na mwanasheria. Njoo PM na bei.