Katoni ya "bia za msimu" Kampala: tarehe zimefunikwa kwa stika, tunauziwa bia za mwaka jana

Wakuu, uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna duka kubwa la vinywaji hapa Kampala linauza katoni ya bia za viwanda vidogo vya ng'ambo, chupa 12, aina nne, kila aina chupa tatu. Juu imeandikwa "toleo la msimu". Bei shilingi 240,000. Kwa hela hiyo unabeba kreti mbili za Nile Special, bia ya hapa nyumbani, na nyama ya kuchoma inapatikana. Nililipa kwa sababu naipenda bia, na hizi za msimu ndizo ninazozisubiri mwaka mzima.

Nianze na iliyoniuma zaidi, ile ya hopsi mbichi. Kwa wasiozijua, hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Nchi za kaskazini huyavuna Agosti na Septemba, na kwa kawaida hukaushwa upesi ili yasioze. Bia ya aina hii hupikwa na maua yaliyotoka shambani hivyo hivyo, bila kukaushwa, ndiyo maana huja mara moja tu kwa mwaka. Utamu wake wote uko puani: majani mabichi, ganda la chungwa, utomvu wa msonobari. Na harufu hiyo ndiyo hutangulia kupotea, kwa hiyo hunywewa mapema, ikiwa baridi. Nilipofungua, hakukuwa na harufu yoyote. Uchungu mkavu ulimini, halafu ladha ya boksi lililonyeshewa, ambayo ndiyo alama ya bia iliyopigwa na hewa na kukaa kwenye joto. Nikafungua ya pili, ya tatu. Vilevile.

Hapo ndipo nikatafuta tarehe. Shingoni mwa kila chupa kuna stika nyeupe ya muagizaji. Nikailoweka, nikaibandua. Chini yake tarehe ya mwisho ya kutumia: ilishapita tangu mwaka jana! Stempu ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato, ambayo bia zinatakiwa kuwa nayo tangu 2019, iko mahali pake na inasomeka vizuri. Kilichofunikwa ni tarehe peke yake, kwenye chupa zote 12. Huo si uzembe wa mfanyakazi aliyechoka. Mtu alikaa akapanga.

Ya pili ni Märzen, bia ya Wajerumani wa Bavaria. Mwaka 1553 huko walipigwa marufuku kupika bia miezi ya joto, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Septemba, kwa kuwa bia ya kiangazi ilikuwa ikiharibika. Wakawa wanapika ya mwisho mwezi Machi, yenye nguvu kidogo, na kuihifadhi kwenye mahandaki ya baridi. Yaani bia yenyewe imezaliwa kwa sababu watu walijua joto linaua bia. Hii yetu imekuja kwenye chupa ya kijani, ikapangwa kwenye rafu iliyo mkabala na kioo cha mbele, jua la mchana likiipiga. Mwanga ukizifikia hopsi kupitia kioo cha kijani au kisicho na rangi, bia inabadilika. Chupa ya kahawia huikinga kiasi, kopo huikinga kabisa. Nilipoifungua, ikanuka kama kicheche kapita sebuleni. Mke wangu aliuliza kuna nini jikoni.

Ya tatu, bia ya boga yenye viungo, ilikuwa maji ya karafuu. Mdalasini, kungumanga, tangawizi, vyote vimekwisha. Ya nne, stauti (bia nyeusi) ya Krismasi, niseme haki, ilikuwa nzuri sana: nzito, kahawa na chokoleti, kilevi asilimia 9. Bia nyeusi zenye nguvu huvumilia umri. Lakini stauti tatu hazilipi katoni nzima.

Nilirudi dukani na chupa na risiti. Jibu la meneja: "Ssebo (bwana), pombe haiozi." Nikamwambia hata Codex, kiwango cha kimataifa cha vyakula, huisamehe bia kuandika tarehe ikiwa tu ina kilevi asilimia 10 na kuendelea, na hizi zote ziko chini ya hapo. Akaniambia nikaongee na muagizaji. Muagizaji hapokei simu.

Kinachonikera kuliko pesa ni dharau. Wanadhani mnywaji wa Uganda hajui bia mpya ni ipi. Nenda kwa mama anayeuza malwa, pombe ya ulezi, muulize, atakwambia limeiva lini, na likianza kuchacha wazee wanalikataa papo hapo na mirija mkononi. Tonto, pombe ya ndizi, nayo hakuna anayekubali kuuziwa ya wiki iliyopita kwa bei ya leo. Kwa nini bia ya 20,000 kwa chupa iwe na heshima ndogo kuliko hiyo?

Ninachotaka: pesa yangu ya chupa tisa irudi, stika zitolewe, rafu ihamishwe pale dirishani. Kama wana mzigo uliopitwa, waandike wazi na washushe bei, kila mtu aamue mwenyewe.

Wakuu mlionunua katoni hii, banduleni stika shingoni na muweke picha hapa, tarehe ionekane. Nakusanya zote, nazipeleka UNBS, shirika la viwango la Uganda, pamoja na risiti yangu.