Mwanafunzi wa saketi aanze na kalamu au na kompyuta?

Fundi_Jinja: Wadau, nafundisha vijana saketi hapa Jinja. Mkubwa wangu anataka mwaka wa kwanza waingie moja kwa moja KiCad, ile programu ya kuchora bodi za saketi, kalamu na feriki kloraidi, dawa ya kula shaba, tuzike. Mimi nasema mtoto kwanza achore njia za umeme kwa mkono juu ya bodi ya shaba, aitumbukize kwenye dawa, aone inavyoliwa. Juzi kijana mmoja ana chaja ya sola ya ampea 5, akaiachia Freerouting, programu ya kuchora njia yenyewe, imchoree kila kitu. Njia ya betri ikatoka milimita 0.25. Moshi! Mnasemaje?

Kijana_wa_Koboko: Sasa kompyuta ina kosa gani hapo mwalimu? Hakuiambia njia ya betri iwe pana, ikampa upana uleule wa njia nyingine. Asiyejua ampea hata kwa kalamu angepata moshi. Na hiyo kalamu yako inapita vipi kwenye chipu ambayo miguu yake imeachana nusu milimita? Halafu KiCad si ya jana, ipo tangu 1992, na ni ya bure.

Mama_Saketi: Mkono una faida yake. Kapasita ya kutuliza umeme lazima ikae jirani kabisa na mguu wa chipu. Kwenye skrini umekuza, unaona kila kitu kipana. Bodi yenyewe ni ndogo kama kisanduku cha kiberiti.

Fundi_Jinja: Umenisemea, nnyabo. Hawa wa kubonyeza-bonyeza wapelekwe Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Kule hakuna anayechora, wananakili tu, hata digrii.

Rangi_za_Nasser: Haya, tumefikiwa. Miaka 12 niko Nasser Road, digrii ya mtu sijaigusa. Wewe unajua kwa nini bluu ya bango inang'aa kwenye simu halafu inachapwa kama maji ya kufulia? Skrini inachanganya nuru za rangi tatu, mashine yangu wino wa rangi nne, na zipo bluu ambazo huo wino hauzifikii. Hilo nimelinakili kwa nani? Nembo naichora kwa mistari kwenye CorelDRAW, ukiipeleka ukubwa wa ukuta haivunjiki. Wanaoniletea picha ya WhatsApp niigeuze bango ndio hao wenye digrii.

Kijana_wa_Koboko: 😂😂 Mwalimu kapatikana.

Mla_Rolex: Tusidanganyane lakini. Kampala nzima inaijua sifa ya mtaa huo.

Rangi_za_Nasser: Soko la Owino kuna wezi wa mifukoni. Kwa hiyo mama muuza nyanya naye mwizi?

Fundi_Jinja: Sikumtaja mtu. Nimesema "kule".

Rangi_za_Nasser: Kule ndiko kwangu, ssebo.

Mama_Saketi: Mnagombana bure. Mafaili ya Gerber tunayotuma China kutengenezewa bodi ni michoro tu: shaba ya juu faili lake, ya chini lake, maandishi lake. Huyu naye anatenganisha rangi moja moja kabla ya kuchapa. Fundi, jirani yako huyo.

Fundi_Jinja: Mama, si ulikuwa upande wangu?

Mama_Saketi: Wa kapasita, ndiyo.

Mla_Rolex: Rangi, kadi 100 za kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, bei gani?

Rangi_za_Nasser: Nifuate inboksi. Na picha usitume kwa WhatsApp.