Daftari la michoro, daftari la maneno au simu: kipi kinakuletea hadithi?

Kalamu_ya_Jinja
Habari zenu ndugu. Naandika hadithi fupi, na nataka kubeba kitu kimoja tu cha kukusanyia visa. Rafiki zangu hapa Jinja wanasema simu yatosha. Wengine wananiambia ninunue daftari la kawaida niandike. Dada mmoja anayesoma sanaa Makerere ameshikilia kwamba nichore, nami sijachora tangu shule ya msingi. Ninyi mnaoandika, hadithi zenu zimeanzia wapi?

Mwalo_wa_Ggaba
Ndugu yangu, chora. Sababu kubwa ni muda. Picha ya simu unaipiga na kuondoka, lakini ukiamua kuchora mashua moja pale Ggaba, utakaa nayo mpaka jua lihame. Mimi nilikuwa nachora ubavu wa mashua ya mbao, nikafika kwenye ubao mmoja uliokuwa mweupe, mpya kabisa, katikati ya mbao zilizokwishakuwa nyeusi kwa maji. Kama ningepita tu, nisingeuona. Kwa kuwa mkono ulilazimika kuchora kila ungio, nikaanza kujiuliza: ule wa zamani ulivunjikia wapi? Nani alikuwa ndani? Na kwa nini mwenye mashua alibadilisha huo mmoja tu, wakati wa pembeni yake nao umeoza? Hapo hadithi ikaanza. Mchoro wenyewe haukuwa na uzuri wowote na wala hauhitaji kuwa nao. Kazi yake ni kukuzuia usiondoke kabla swali halijaja.

Binti_wa_Bombo
Kaka hapo juu, nakubali habari ya ubao, ila mchoro hausikii. Bibi yangu anasuka vikapu hapa Bombo, na kinachonifanya niandike ni namna anavyokatiza sentensi akifika mahali pa kubadilisha rangi, kisha anairudia kwa Kinubi akiwa ameibadilisha kidogo. Hilo utalichoraje? Mhusika wangu namjua kwa kinywa chake kwanza. Mimi ni wa daftari la maneno. Ukikosa kuyaandika maneno yenyewe siku hiyo hiyo, kesho utaandika ya kwako ukidhani ni ya bibi.

Foleni_ya_Malaba
Mimi ni dereva wa lori, siwezi kushika penseli wala kalamu njiani. Tukiegesha Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kusubiri karatasi za kuvukia, wenzangu wanasimulia mpaka usiku, nami nawaomba ruhusa narekodi kwa simu. Kwa sauti, simu haina mpinzani. Picha ni kitu kingine: ninazo nyingi mno na sizifungui tena. Tena tahadhari kwa wote: karibu na kambi za jeshi au vizuizi vya polisi usipige picha, na usichore pia.

Mwalimu_Penseli
Nafundisha sanaa sekondari, kwa hiyo naegemea upande wa mchoro, lakini hoja ya Binti wa Bombo ina uzito. Chora, kisha chini ya mchoro andika sentensi moja uliyoisikia hapo. Daftari moja linabeba vyote viwili.

Kuhusu vifaa usitumie pesa nyingi. Penseli ya HB ni ngumu kidogo kwa michoro ya haraka, chukua ya 2B au 4B, ambazo ni laini zaidi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kwa penseli, ila wino mzito utapenya upande wa pili. Ukifika Kampala, ulizia kwa wachapaji wa Nasser Road vipande vya karatasi nene vinavyobaki baada ya kukata, uvishone kwa uzi vipate ukubwa wa mfuko wa shati.

Sasa namna ya kupata hadithi. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame madoa ya ukutani mpaka waone humo milima, vita na nyuso za watu. Jaribu na ukuta wowote wa udongo baada ya mvua. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: chora ramani ya kijiji usichokijua. Weka kisima, njia ya kwenda shule, na nyumba moja iliyojitenga. Ukishaiweka hiyo nyumba, utadaiwa maelezo ya nani anaishi humo na kwa nini hapiti njia wanayopita wengine. Huyo dada wa Makerere atakueleza habari za Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale mwaka 1937. Aliwasimulia wanafunzi tukio, nao wakachora walichokiona kichwani. Wewe anza na mchoro, umalizie na tukio.

Kalamu_ya_Jinja
Asante sana mwalimu, nanyi nyote. Nitaanza na daftari dogo, michoro na sentensi chini yake. Swali moja: nikikaa Soko Kuu la Jinja nikichora, watu hawatanikasirikia?

Mwalo_wa_Ggaba
Salimia kwanza, nunua kitu, useme unachofanya. Anza na mizani, mafungu ya nyanya au viatu, si nyuso. Watoto watakuja kuchungulia, wakubwa watafuata na kukuambia umekosea wapi, na katika kukusahihisha watakusimulia kisa chote cha hicho kitu. Mwenye meza akiuomba ukurasa, mpe, maneno yake utakuwa umeshayaandika kwenye ukurasa mwingine.